Watu wa Virunga walimchukuliaje gorila kabla ya wageni kufika?

Mwalimu wa Kasulu

Habari za jioni wana jukwaa. Nafundisha Historia kidato cha tatu huku Kasulu, Kigoma. Juzi tukiwa kwenye mada ya utawala wa Mjerumani, binti mmoja anayekaa dawati la mwisho akanyoosha mkono na kuuliza jambo ambalo halimo kwenye muhtasari: "Mwalimu, kwenye filamu gorila ni jitu la kutisha, linabeba wanawake na kubomoa majumba. Kwenye taarifa ya habari, watoto wa gorila kule Rwanda wanafanyiwa sherehe ya kupewa majina kama watoto wa watu. Nani alimbadilisha, na lini?"

Sisi wa Kigoma sokwe tunawajua, Gombe na Mahale ni kwetu. Ila gorila hatuna hata mmoja Tanzania nzima, kwa hiyo sina hata mzee wa kumuuliza. Vitabu nilivyo navyo vyote vinaanza siku Mzungu alipofika. Naomba mnisaidie mambo mawili: hii sifa ya ukatili ilianzia wapi, na watu walioishi naye kabla ya hapo, hasa wa milima ya Virunga mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda, walimchukuliaje? La pili ndilo ninalolitaka hasa.

Mama Zawadi, Ohio

Mwalimu, mpongeze sana huyo binti. La pili nawaachia wenye milima yao, ila la filamu naliona huku niliko. Naishi Columbus, na bustani ya wanyama ya mji huu ndiko alikozaliwa gorila wa kwanza kabisa kuzaliwa mikononi mwa binadamu, tarehe 22 Desemba 1956. Walimwita Colo. Aliishi miaka 60, akafa Januari 2017, na watu wa hapa walimlilia kweli.

Sasa sikia hii. Agosti 1986, kisiwa cha Jersey, mtoto wa miaka mitano alitumbukia ndani ya boma la gorila akazimia. Dume mkubwa alikuja akasimama kati yake na wenzake, akampapasa mgongoni. Agosti 1996, jirani na Chicago, mtoto wa miaka mitatu akaanguka vivyo hivyo. Jike mmoja, naye ana mwanawe mgongoni, akamwinua akambeba hadi karibu na mlango wanaoingilia wahudumu. Mei 2016, Cincinnati, mtoto mwingine wa miaka mitatu. Safari hii dume alimburuta majini, wenye bustani wakaona hatari, wakampiga risasi. Alikuwa ametimiza miaka 17 siku moja kabla.

Majina ya hao gorila watatu ni Jambo, Binti Jua na Harambe. Wote ni gorila wa magharibi, jamii ya Gabon na Kameruni, huko ambako Kiswahili hakisemwi. Kwa watu wa huku, Afrika ni moja tu. Na kilichoniuma zaidi kwa Harambe ni jinsi mitandao ilivyomfanya kichekesho miezi na miezi. Mnyama kafa, mama wa mtoto anatukanwa na watu asiowajua, na wengine wanatengeneza picha za kuchekesha. Niliwakataza wanangu kuzileta ndani ya nyumba yangu.

Mtoto wa Rugari

Mwalimu, salamu nyingi. Mimi ni mzaliwa wa Rugari, Rutshuru, chini ya mlima Mikeno, upande wa Kongo. Sasa niko Kampala kwa sababu ya vita. Baba yangu mdogo alikuwa mlinzi wa Hifadhi ya Virunga mpaka alipostaafu, kwa hiyo haya mengine niliyasikia nyumbani kabla sijayasoma popote. Nitaandika kirefu, univumilie.

Sifa mbaya haikuanzia kwetu. Ilianzia Gabon. Mwaka 1847 daktari mmisionari wa Kimarekani, Thomas Savage, alionyeshwa fuvu nyumbani kwa mmisionari mwenzake kando ya mto Gabon. Gorila mzima hakumwona. Alikusanya mafuvu na mifupa, akawauliza Wampongwe wenyeji wa pale, kisha yeye na bingwa wa mifupa wa Boston, Jeffries Wyman, wakachapisha maelezo, na wasomi wakatangaza kwamba gorila amegunduliwa. Wampongwe walikuwa na jina lake na hadithi zake siku nyingi. Savage hakulichukua jina lao. Alilifuata simulizi la kale la Hanno, baharia wa Carthage, aliyepita pwani ya Afrika Magharibi zaidi ya miaka 2,000 kabla. Hanno anasimulia kwamba watu wake waliwakamata "wanawake" watatu wenye manyoya, wakawaua, wakawachuna, wakapeleka ngozi kwao. Hivyo ndivyo gorila alivyoingia kwenye maandishi, akiwa ngozi.

Kisha akaja Paul du Chaillu. Aliwinda Gabon miaka ya 1850, na mwaka 1861 akatua London na ngozi, mafuvu na kitabu. Gorila wake ni kiumbe cha jinamizi, anapiga kifua na kurarua watu. Ilikuwa miaka miwili tu tangu Darwin achapishe kazi yake kubwa, na wasomi walikuwa wanashikana mashati kuhusu undugu wa binadamu na nyani, kwa hiyo kila mtu London alitaka kuliona hilo jitu. Kupiga kifua ni kweli. Dume hufanya hivyo kuonya na kujionyesha, na mara nyingi ugomvi unaishia hapo hapo bila mtu kuguswa. Lakini lile jitu la filamu ya 1933 linalopanda ghorofa la New York limetoka moja kwa moja kwa du Chaillu. Hilo mwambie binti bila wasiwasi.

Ila ndani ya maandishi ya huyo huyo du Chaillu kuna watu wa Gabon wanaosema, ukisoma kwa makini. Anaeleza walivyoamini kwamba baadhi ya gorila wamekaliwa na roho za watu waliokufa, na hao hawashikiki wala hawauliki. Anaeleza pia jinsi wajawazito na waume zao walivyojitenga na mzoga wa gorila, wakihofia mtoto aliye tumboni asije akazaliwa gorila. Yeye aliyaita ushirikina. Mimi naona watu ambao tayari walikuwa wanamhesabu gorila kuwa karibu sana na mtu, wakati London bado wanagombana. Na wengine wao walikula nyama yake. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja, na usiwafiche wanafunzi.

Sasa tuje kwetu, na hapa ndipo mada yako ya Mjerumani inapoingia. Kapteni Robert von Beringe wa jeshi la Afrika Mashariki ya Kijerumani aliondoka Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1902 na askari na wapagazi, kwenda kwa Mwami Musinga, mfalme wa Rwanda, na kuendelea kaskazini. Tarehe 17 Oktoba, wakiwa wamepiga kambi juu ya mlima Sabyinyo, waliona kundi la wanyama weusi wakubwa wakipanda kuelekea kileleni. Alipiga risasi, wawili wakaporomokea korongoni. Zilikwenda saa tano kumvuta mmoja juu kwa kamba. Simulizi linataja urefu wa mnyama na uzito wake. Walioishika hiyo kamba hawana majina. Njiani kurudi Usumbura fisi akala ngozi na mkono mmoja. Fuvu lilifika Berlin, na mwaka 1903 Paul Matschie akampa mnyama jina la kapteni, Gorilla beringei. Mpaka leo gorila wa milima yetu anaitwa kwa jina la mtu aliyempiga risasi.

Baada ya hapo wawindaji wa kigeni walifuatana. Msafara wa mwanamfalme Wilhelm wa Sweden peke yake uliua 14. Mwaka 1921 akaja Carl Akeley kutafuta wa kukaushwa na kusimamishwa kwenye makumbusho ya New York. Akaua, kisha moyo ukamgeuka, akaanza kumshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji, na mwaka 1925 ikatangazwa Hifadhi ya Albert, ambayo kwetu ndiyo Virunga ya leo, ya kwanza ya aina yake Afrika. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akaugua njiani, akafa Novemba 1926 kwenye mlima Mikeno na kuzikwa pale Kabara.

Jina ninalotaka wanafunzi wako waondoke nalo ni Sanwekwe. Alikuwa kijana mdogo alipotafuta nyayo za gorila kwa ajili ya Akeley. Mtafiti George Schaller alipokuja Kabara mwaka 1959 kumtazama gorila bila bunduki, Sanwekwe alifanya kazi naye pia. Januari 1967 mtafiti wa Kimarekani Dian Fossey alipofika pale pale Kabara, nyayo hazijui kabisa, aliyemfundisha kufuata ni Sanwekwe, wakati huo mlinzi wa hifadhi. Akeley aliua, Schaller akatazama, Fossey akalinda, na wote watatu njia walionyeshwa na mtu huyo huyo. Ukitaja majina hayo matatu darasani bila la kwake, historia umeigawa nusu.

Na elimu yenyewe si ndogo. Baba mdogo alinionyesha. Kinyesi kikiwa bado kina mvuke, wako jirani. Bua lililotafunwa ukilibana likatoa maji, hawajaenda mbali. Unatafuta maganda ya mianzi yaliyomenywa, na alama za vifundo vya vidole kwenye tope, kwa sababu gorila hutembea amekunja vidole vya mikono. Jioni kila mmoja hujikunjia kitanda kipya cha majani, mtoto hulala kwa mama yake, na asubuhi wanaacha kinyesi pale pale, cha mkubwa na cha mdogo pamoja. Ukihesabu vitanda umehesabu ukoo, na ukitazama kinyesi unajua nani ana mtoto. Sensa za leo zinafanyika vivyo hivyo, kilichoongezeka ni kupeleka kinyesi maabara. Ukiwakaribia unakoroma polepole kooni, "mmm-hmmm", kama wanavyofanya wenyewe wakila, wajue kwamba huwavizii. Sensa zilizokamilika mwaka 2018 zilionyesha gorila wa milimani wamepita 1,000, Virunga 604 na waliobaki Bwindi, msitu wa Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Virunga nzima ilikuwa na kama 250.

Swali lako la pili. Kwa watu wa milima ile, nyama ya gorila si chakula. Batwa, watu wa asili wa misitu ile, walitega swala na nyati kwa tanzi, na gorila aliyenaswa alikuwa balaa kwa pande zote mbili: yeye anapoteza mkono, na tanzi limeharibika. Wapo waliomuua kwa ajili ya viungo vya uganga, hilo lipo. Lakini soko la vichwa, mikono na watoto lililetwa na fedha ya mgeni. Kumchukua mtoto mmoja ni lazima uue wakubwa kadhaa, kwa maana ukoo wote unasimama kumtetea. Mwaka 1969 watoto wawili walipelekwa Cologne, Ujerumani, kwa njia hiyo. Walikufa wote wawili mwaka 1978. Bibi yangu alitufundisha kwamba ukikutana naye usikimbie. Kaa chini, inamisha macho kama mbele ya mzee aliyekasirika, naye atapita. Walinzi wanawaambia watalii maneno hayo hayo.

Na mwaka huo wa 1969, upande wa Rwanda, karibu hekta 10,000 za hifadhi zilikatwa kupandwa pareto kwa mradi wa fedha za Ulaya, ya kutengeneza dawa ya wadudu. Kila nikisikia kwamba adui wa gorila ni mwanakijiji mwenye tanzi la waya, naikumbuka hiyo pareto. Msitu mkubwa kiasi hicho hakuna mtega tanzi anayeweza kuumaliza.

Fossey namheshimu kwa miaka aliyokaa Karisoke, kambi yake ya utafiti upande wa Rwanda, tangu Septemba 1967 hadi alipouawa Desemba 1985. Digit, gorila aliyempenda kuliko wote, aliuawa tarehe 31 Desemba 1977, wakamkata kichwa na mikono. Nauelewa uchungu wake. Ila ukatili aliowafanyia wawindaji aliowakamata uliacha chuki ambayo walinzi weusi ndio waliobaki kuibeba, kwa sababu wao hawana kwingine kwa kwenda.

Mwisho wa yote ni walinzi. Julai 2007 gorila wa ukoo wa Rugendo walipigwa risasi, pamoja na dume wao Senkwekwe. Mauaji yalihusishwa na biashara ya makaa yanayopikia Goma. Watu wa vijijini waliwafunga kwenye miti wakawabeba mabegani, wengi kwa wengi, hadi chini. Ile picha ilizunguka dunia nzima, na waliobeba ni watu wetu. Mwaka huo huo walinzi walimkuta mtoto wa miezi miwili ameng'ang'ania maiti ya mama yake. Ni Ndakasi, aliyelelewa na André Bauma na kufia mikononi mwake Septemba 2021. Katika hifadhi ile wamekwisha kuuawa walinzi zaidi ya 200. Tarehe 24 Aprili 2020 waliuawa 12 kwa siku moja karibu na Rumangabo, makao makuu ya hifadhi. Baba mdogo aliwajua baadhi yao tangu wadogo. Sherehe ya majina ya Rwanda, iliyoanza 2005, ni nzuri, na inafuata desturi ya Wanyarwanda ya kumpa mtoto jina. Natamani siku hiyo yasomwe na majina ya hawa.

Mwalimu wa Kasulu

Mtoto wa Rugari, asante sana, nimeichapa kwenye karatasi. Poleni kwa vita, na mpe mzee heshima zangu. Nina mawili ya nyongeza: hao Batwa wako wapi sasa? Na kuna namna yoyote wanafunzi wa shule ya kata wanaweza kumwona gorila kwa macho yao?

Mtoto wa Rugari

Batwa wametolewa msituni karibu kote. Huku kwetu kusini, Kahuzi-Biega ilifanywa hifadhi mwaka 1970, Batwa wakafukuzwa katika miaka hiyo bila kupewa pa kwenda. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba Kongo iliwadhulumu. Uamuzi upo kwenye karatasi, watu bado wako pembeni ya barabara. La safari namwachia mwenye uzoefu.

Dereva wa Mutukula

Mwalimu, mimi huyo. Naendesha watalii, naanzia Bukoba, navuka Mutukula hadi Buhoma na Nkuringo, pande zote mbili za Bwindi.

Huko nako ni hadithi ile ile. Msitu ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Wenye mashamba kuna waliolipwa kidogo. Batwa hawakuwa na shamba wala hati, kwa hiyo wengi hawakupata kitu. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba walionewa. Wageni wangu wanalipa dola 800 kukaa saa moja na gorila, na Rwanda ni 1,500. Nawaambia waziwazi, hamuwezi kulipa hivyo halafu mkapita bila hata kununua kikapu kwa watu ambao msitu ulikuwa nyumba yao. Wengi wananielewa.

Wanafunzi wako wangependa kusikia habari ya upele. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi walianza kunyonyoka manyoya na kujikuna, na mtoto mmoja akafa. Daktari wa mifugo wa Uganda, Gladys Kalema-Zikusoka, akafuatilia akakuta ni upele wa watu. Wanakijiji walivisha sanamu za shambani nguo kuukuu za kutishia wanyama, gorila wakaja wakazishika. Tangu hapo mama yule anasema afya ya gorila huwezi kuitenga na ya jirani yake, na mwaka 2003 akaanzisha shirika linalohudumia wote wawili.

Jirani naye ana yake ya kusema. Watu wanadhani gorila anakuja kufuata ndizi. Hapana, anaupasua mgomba akala moyo wake, na ukoo mmoja ukitulia shambani asubuhi moja, migomba ya familia imelala. Kuna vikundi vya wanakijiji wanaojitolea kuwasukuma warudi msituni taratibu, bila silaha. Nimewahi kusimama na kundi hilo Nkuringo, mbele yetu dume amekaa anatafuna kigogo na maji ya mgomba yanamchuruzika kidevuni, na mwenye shamba amesimama kando kanyamaza kimya. Mzee yule hakurusha hata jiwe. Wanavikundi hao wanastahili zaidi ya wanachopata.

La safari: bei ya mwananchi wa Afrika Mashariki ni ndogo kuliko ya mgeni, Uganda iliwekwa shilingi 300,000 za kwao mwaka 2024, ila ulizia kabla maana hubadilika. Umri usipungue miaka 15, hilo hawalegezi, kwa hiyo chukua vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Kundi moja la watu wanane. Barakoa lazima, na unakaa mita 10 kutoka kwao. Mwenye mafua au kikohozi anabaki kambini hata kama kalipa, kwa hiyo wapime vizuri kabla hamjatoka Kasulu. Buti za mpira zinatosha, Juni hadi Agosti njia inapitika zaidi. Ukiwa tayari niandikie, gari nitalijaza mafuta kwa bei ya kazi tu.